Maji Tuliyoimwagia Helikopta Puani

Ndugu Katibu Tarafa, mgeni wetu rasmi, uliyekula vumbi lote lile kutoka bomani kuja kutuona. Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji cha Nyarukongo, Mzee Gozbert. Wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji na wa Kamati ya Mapokezi. Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu mlioketi chini ilhali viti vimejaa mgambo, shikamooni nanyi. Walimu, vijana wenzangu, na watoto mnaonusa wali kule nyuma ya ghala tangu asubuhi: nawasalimu wote. Na wewe Baba Idefonsi, Fundi wetu, mwenye shughuli hii, ngoja kwanza nizunguke nije upande wako wa kushoto, maana sikio lako la kulia halinisikii tena, na habari ya sikio hilo ndiyo iliyonisimamisha hapa.

Nimepewa dakika tano na karatasi hii. Imeandikwa na Kamati ya Mapokezi, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, nami nimeagizwa niisome kama ilivyo. Inaanza hivi: "Sisi vijana wa Nyarukongo tunakushukuru Fundi Idefonsi kwa ushirikiano wako mwema, na tunakutakia mapumziko mema nyumbani kwako Kanazi." Nimeisoma. Sasa naikunja, naitia mfukoni, na dakika zilizobaki ni zangu.

Mzee Gozbert, usinitolee macho. Ulinichagua mwenyewe. Wajumbe walipouliza nani atasema kwa niaba ya vijana, ulisema, "Mpeni Leonidas, yule ana mdomo." Basi, mdomo ndio huu.

Kwa wageni wasionijua: mimi ni mwendesha mashine ya kusaga ya kijiji. Shule niliishia darasa la tano. Wengine wanasema nilifukuzwa, lakini ukweli ni kwamba mimi na mwalimu tulichokana siku moja. Hata hivyo, toka hapa hadi Nyakanazi, na ukipenda endelea uimalize Ngara yote, hutapata kijana anayeijua beringi kwa sikio kama mimi. Najisifu, ndiyo. Nani mwingine atanisifu?

Lakini miezi sita iliyopita nilikuwa sijui kitu. Mashine ikipiga kelele, niliipiga teke. Ikizidi kupiga kelele, niliishindilia grisi mpaka inachuruzika ndani ya unga, na kijiji kizima kikala ugali unaonuka lori. Mama Marsiana, usicheke, ulinirudishia debe lako mara mbili ukanitukana na marehemu bibi yangu. Aliyenitoa kwenye ujinga ule ni huyu aliyeketi hapa. Alipita mashineni siku moja, akachukua bisibisi, ncha yake akaigusisha pale beringi inapokaa, mpini akauweka sikioni, akafumba macho kama mtu anayesali. Kisha akanipa na mimi nisikilize. Nikamwambia, "Baba, mbona sisikii kitu ila ngurumo?" Akanijibu, "Ondoa ngurumo, sikiliza kilicho chini yake. Beringi haivunjiki siku moja, mwanangu. Inalia wiki nzima, na wewe unapiga miluzi."

Ndugu Katibu Tarafa, nakuomba uyashike maneno hayo, tutayarudia.

Mnakumbuka wote mwezi wa tatu mwaka huu. Vita ilikuwa bado haijaisha, ndugu zetu wako mstari wa mbele, mvua inanyesha kama imetumwa, na helikopta ile ilikuwa ikipita juu yetu ikipeleka dawa mpakani na kurudi na majeruhi. Siku moja haikupita. Ilishuka kwenye kiwanja chetu cha mpira, mafuta yameisha, na mafuta mengine hakuna karibu. Rubani wake, Halfani, yule kijana wa wauza nguo wa pale Biharamulo mjini, alipanda lori kwenda kuyatafuta. Alikwenda kwa siku tatu. Barabara ikawa uji, lori likazama, siku tatu zikawa wiki tano. Aliyebaki kuilinda ni Fundi, akilala stoo ya shule kati ya majembe na madawati mabovu. Kazi ya kwanza aliyoifanya, kabla hata ya kuuliza maji ya kunywa yako wapi, ilikuwa kuvika helikopta turubai mbili: moja mbele, pale injini inapovutia hewa, na moja nyuma, pale inapotolea moshi. Akazifunga kwa kamba, akazikagua kila asubuhi na kila jioni.

Sasa nauliza: turubai zile zilifunguliwa na nani?

Naona watu wameanza kuangalia miguu yao. Basi nitasema mwenyewe. Zilifunguliwa kwa azimio la Kamati ya Mapokezi, lililopitishwa kwa kauli moja. Kamati ilisema helikopta iliyofungwa vitambaa puani inaonekana kama mgonjwa wa bendeji, na wageni wakipita watadhani Nyarukongo haijui kutunza. Na ikaazimiwa kwamba kila Jumamosi, baada ya kazi za shamba la kijiji, helikopta ioshwe na wananchi wote.

Wala msidhani nawacheka kwa hilo. Helikopta ile ilikuwa imemtoa vitani mtoto wa Mama Marsiana, tumbo limepasuka, ikamfikisha hospitali akiwa hai, na leo yuko, anakula. Mama huyu alikuwa akichota maji bondeni ndoo kumi na mbili kila Jumamosi, anazifuta zile bati kwa khanga yake ya kuendea kanisani. Kwetu mgeni anapofika ananawishwa, anapewa kahawa ya kutafuna, ndipo anaulizwa habari za safari. Hii tuliinawisha. Na kahawa pia kuna mtu aliiweka pale kwenye kiti cha rubani, punje saba ndani ya jani, mimi niliziona, na mimi nilizitafuna.

Kuosha mwili hakukuwa kosa. Kosa ni puani. Ndoo hazikufika juu, basi ikatolewa fikra tuchukue bomba la josho, lile la kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, ambalo likipigwa vizuri linamwondoa ng'ombe tope la mwaka mzima. Likaja, likajazwa. Nani alikuwa akilenga?

Mimi. Nani mwingine? Nilikuwa na uwezo wa kusimama hatua kumi, nikaingiza maji katika tundu lile bila kumwagia pembeni, na watoto walikuwa wakinishangilia. Nilijiona bingwa. Mngenipa nishani siku ile, ningeipokea.

Fundi akaja mbio, mkono mmoja unashikilia suruali. Akasema, "Mzee Mwenyekiti, mwili osheni. Puani hapana. Rudisheni turubai zangu."

Mzee Gozbert, ukamjibu, na wote walikusikia: "Fundi, wewe si mtu wa mbali, wewe ni mtoto wa Kanazi hapo. Kwenu mgeni anakaa na tope usoni?"

"Huyu si mgeni, Mzee. Hii ni mashine."

"Imewabeba watoto wetu. Imekuwa mgeni kuliko wewe."

Vigelegele. Nami nikaongeza bomba.

Ndugu wananchi, aliyotueleza Fundi baada ya vigelegele vile hakuna aliyeyasikiliza, kwa hiyo nayarudia leo mkiwa mmekaa na hamna pa kukimbilia kabla ya wali. Ndani ya injini ile kuna mhimili mwembamba kuliko mkono wa Mwenyekiti. Mashine yangu ya kusaga, ikiwa imekasirika kabisa, inazunguka mara elfu tatu kwa dakika moja. Mhimili ule unazunguka mara elfu thelathini na kupita. Na haukukalia kitu kingine ila beringi, gololi ndogo kama punje za mahindi, zinazoogelea katika mafuta membamba kama machozi. Injini ikiwa inafanya kazi, upepo wake wenyewe unaziba njia, maji hayapiti. Ikisimama, upepo haupo, mlango uko wazi. Maji yakiingia hapo yanatulia chini ya gololi, palepale iliposimama, yanaanza kuitafuna taratibu, wiki ya kwanza, wiki ya pili. Kidoa kimoja cha kutu, kidogo kama mavi ya nzi. Basi. Siku utakapoiwasha, gololi inapita juu ya kidoa kile mara maelfu kwa dakika. Chuma kinabanduka gamba, gamba linabandua gamba lingine, mpaka gololi zote zinasagana kama mahindi yangu. Mtu aliye juu hewani, hapo anafanya nini?

Jumamosi tano, ndugu zangu. Tano, na maji ya josho.

Halfani alirudi na mafuta Jumamosi ya tano asubuhi, tukaiogesha kwa kuiaga, kisha Fundi akaiwasha kidogo chini, akaizima, akasikiliza. Kisha akafungua kizibo fulani kilicho chini ya injini, chenye sumaku ya kunasa chuma kilichomo katika mafuta, akakifuta kwa kitambaa cheupe, akatuonyesha. Kulikuwa na magamba, yanang'aa kama ya dagaa. Akaandika katika daftari la helikopta, herufi kubwa: ISIRUKE. Halafu akaenda kwenye redio ya upepo ya mgambo pale shuleni, akaita karakana yao huko mbali, akaomba waje na injini nyingine.

Nilikuwepo. Nilisimama hatua tatu tu, suruali yangu imelowa hadi magotini. Karakana ikauliza: "Injini iliingia maji?" Fundi akasema, "Iliingia, Jumamosi tano." Karakana ikauliza: "Nani anathibitisha?" Na Fundi, kwa heshima, kwa mikono miwili, akakupa wewe kile chombo cha kusemea, Mzee Gozbert.

Ukakohoa. Ukasema: "Hapa ni Mwenyekiti wa Kijiji. Helikopta ya taifa haikuguswa na tone la maji. Tumeitunza kama yai. Ova."

Hilo la "ova" ulilijifunza siku ileile.

Karakana ikasema basi fundi ameingiwa na hofu ya vita, mashine iruke, watakagua wao. Mnajua alichofanya Fundi? Hakukutukana. Alikutazama tu, Mzee, kama anavyonitazama mimi nikishindilia grisi. Halfani alipomuuliza, "Baba Idefonsi, unasemaje?" alijibu, "Sahihi yangu siweki." Halfani akasema, "Amri ni amri, basi nitakwenda peke yangu." Fundi akasema, "Hapana. Nitapanda nyuma nisikilize. Nikikugonga begani, usiniulize swali, shusha."

Narudia kwa walioketi mbali. Mtu aliyeandika kwa mkono wake kwamba chombo hiki kisiruke, alipanda chombo hicho, kwa sababu kilikuwa na kijana ndani.

Walipita juu yetu tukawapungia mikono. Upande huu wa Nyakanazi, Fundi, aliyekuwa amekaza bisibisi kwenye ukuta wa injini na sikio lake la kulia limebanwa juu ya mpini, akasikia kilicho chini ya ngurumo. Akamgonga Halfani begani. Walikuwa wameshaanza kushuka, juu ya shamba la mihogo, injini ilipokaba na kupasuka. Halfani aliishusha kama mtu anayeshuka ngazi yenye vidato vilivyooza. Alivunjika miguu yote miwili, bado amelala hospitali, lakini anapumua. Wangekuwa juu zaidi, tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Na Fundi akatoka na mfupa wa bega umevunjika, na sikio moja tu linalosikia.

Sasa ndiyo nafika kwenye kinachonichoma.

Barua ya karakana iliyomfuata Fundi hapa kwetu, alikorudi kuuguza bega, nimeisoma, polepole, lakini nimeisoma. Inasema beringi imekutwa na kutu. Inasema kwa kuwa kijiji kimethibitisha, kwa maandishi na kwa mhuri, kwamba hakuna aliyefungua turubai wala kuimwagia maji, basi ni dhahiri fundi mwenyewe aliiacha injini wazi kwenye mvua. Inasema miaka yake kumi na tisa ya kazi inakoma kwa uzembe. Uzembe. Mtu aliyekuwa akikagua kamba asubuhi na jioni. Akienda karakana yoyote ya nchi hii, hata ya kutengeneza baiskeli, neno hilo linamtangulia mlangoni. Na inasema kama ana ushahidi mwingine, aupeleke ndani ya siku kumi. Zimebaki nne.

Na sisi, katika siku nne hizo, tunafanya nini? Tunapika wali. Tunachinja mbuzi. Tumemwandikia Cheti cha Shukrani, kile pale mezani chenye maua pembeni, na kimegongwa mhuri. Ndugu Katibu Tarafa, kisogeze karibu uutazame mhuri huo. Ndio uleule uliogongwa kwenye ule uthibitisho wa uongo. Mkono mmoja, mhuri mmoja, wino mmoja: ule uthibitisho umemtoa kazini, na hiki cheti kinamshukuru kwa kuondoka. Hivi sisi tunamuaga mtu huyu, au tunamsindikiza haraka asije akasema?

Baba Idefonsi, nakuona unanitikisia kichwa niache. Siachi. Wewe una adabu ya kukutosha wewe na mimi, kwa hiyo yangu naiweka pembeni leo.

Maana ule uthibitisho wa kijiji una majina matatu ya mashahidi, na la tatu ni langu. Sahihi yangu ina mkia mzuri, nimeifanyia mazoezi kwenye magunia ya unga mwaka mzima, na siku ya kwanza kuitumia kwenye karatasi ya serikali, niliitumia kuthibitisha kwamba maji niliyoyapiga mwenyewe kwa bomba hayakuwepo. Niliambiwa, "Weka tu, ni kwa heshima ya kijiji." Nikaweka. Kisha jioni nikaenda kwake kujifunza beringi, naye akanifundisha, na alikuwa anajua.

Hii hapa ndiyo karatasi ya Kamati, naitoa tena mfukoni. Ule upande wa mbele mmeshausikia. Nyuma nimeandika mimi, mwandiko mbaya, mistari imepanda mlima: turubai zilifunguliwa na kijiji, injini iliogeshwa na kijiji kwa bomba la josho Jumamosi tano, Fundi alikataza mbele ya watu, na bomba lilishikwa na mimi, Leonidas. Nimeshaweka sahihi yenye mkia. Chini nimeacha nafasi kubwa. Ndugu Katibu Tarafa, ninachokuomba ni kimoja tu: leo ukipanda Landrova yako, uipande na karatasi hii, ifike karakana kabla ya siku nne.

Aliyewahi kushika ndoo katika Jumamosi zile, namwomba asimame.

Mama Marsiana. Nilijua utakuwa wa kwanza. Taratibu mama, goti hilo. Unasemaje? Anasema ndoo zake zilikuwa kumi na mbili, niandike kumi na mbili nisipunguze. Nimeandika, mama. Na wewe mwalimu? Haya. Na nyinyi pale nyuma, na mgambo, mmenifurahisha, viti sasa vipo wazi, mama zetu wakae. Naona watu wote wa upande wa ghala wamesimama. Naona wajumbe wawili wa Kamati, watatu. Asanteni. Hii ndiyo Nyarukongo nilikozaliwa.

Mzee Gozbert, shikamoo yangu nilikupa mwanzoni na siirudishi. Wewe ndiye uliyetafuta dawa ya mtoto wangu wa kwanza ukiwa umepanda baiskeli kwenye mvua. Si mtu mbaya, na hapa hakuna aliyesema hivyo. Uliona aibu kwenye redio, ukaisetiri aibu kwa mgongo wa mtu mwingine. Lakini mhuri uko kwenye mfuko wa koti lako, naiona kamba yake, na bila mhuri karatasi hii ni porojo za kijana wa darasa la tano.

Ndiyo maana nimekuletea kitu. Walipokuwa wakipakia mabaki pale shambani, Fundi alinipa beringi hii ya injini ile, ya nyuma, ambayo haikupasuka yote. Alisema niiweke mashineni iwe inanikumbusha. Ipokee, Mzee. Iko nyepesi, eeh? Iweke sikioni, hapo hapo, uizungushe kwa kidole, polepole, usiwe na haraka, wali utasubiri.

Namshukuru mgeni rasmi, nawashukuru wote mliosimama, na nakushukuru wewe Baba Idefonsi kwa sikio ulilotuachia hapa. Mimi mmenisikiliza vya kutosha, asanteni sana. Sasa nanyamaza, na nawaomba wote mnyamaze, ili Mwenyekiti aisikie.